Kiroboto au bikari: shairi lipi la mapenzi la Donne uanze nalo?

Anayetaka kuingia kwenye mashairi ya mapenzi ya John Donne, mshairi Mwingereza wa zama za Shakespeare, kwa kawaida hukabidhiwa mawili. Moja ni The Flea, ambamo mwanamume anambembeleza mwanamke kwa kumwonyesha kiroboto aliyewauma wote wawili. La pili ni A Valediction: Forbidding Mourning, ambamo mtu anayesafiri anamwomba mwenzake asilie, akimwambia kwamba roho zao ni miguu miwili ya bikari, ile ya kuchorea duara iliyomo kwenye mkebe wa hisabati wa kila mwanafunzi. Hapa nitayaita Kiroboto na Kuaga. Yote mawili yanasifiwa kwa jambo moja: sitiari inayokamatwa na kuvutwa hadi pale ambapo mshairi mwingine angeogopa kufika. Lakini ukiyasoma kwa kufuatana utaona kila moja lina tabia yake, na mtu akikosea la kuanzia anaweza kumwacha Donne moja kwa moja.

Wanaouliza wana haja tofauti. Yuko mwalimu mwenye darasa, yuko anayetafuta cha kumtumia mpenzi aliye mbali, yuko aliyeombwa kusoma kitu harusini, na wapo wachache wanaotaka kufasiri. Kwa hiyo nitagusa na mengine pembeni, likiwemo moja la Andrew Marvell ambalo kwa maoni yangu linaonewa.

Kipimo changu ni kuangalia sitiari inafanya nini inapogonga kizuizi. Ukimwita mpenzi wako ua kisha ukanyamaza, hakuna atakayekuuliza mizizi iko wapi. Ukiendelea kumwita ua kwa beti tatu, msomaji ataanza kuuliza habari za mizizi, za miiba, za kunyauka, na nani aliyelipanda, nawe utatakiwa ujibu. Kila sitiari ndefu ina mahali ambapo kitu kilichoazimwa kinakataa kufanana na mapenzi. Nataka kuona mshairi anafanya nini akifika hapo.

Msomaji aliyekulia kwenye mashairi ya Kiswahili anakuja na mtaji mzuri, ila pia na mazoea yatakayomsumbua. Amezoea fumbo: akisikia habari za chombo kilichokwenda mrama au lulu iliyookotwa na asiyeijua thamani, hasiti kuuliza anasemwa nani. Fumbo la namna hiyo linawazuia wasiohusika nje ya mlango. Donne hafichi kitu. Alisomea sheria Lincoln's Inn, chuo cha mawakili cha London, katika miaka ya 1590, na sitiari zake zinatembea kama hoja za mahakamani: ushahidi huu hapa, kwa hiyo hili linafuata, na ukipinga nina jibu. Basi usitafute siri ndani ya kiroboto. Tafuta hoja, kisha tafuta tundu kwenye hoja.

Kiroboto

Shairi lina mishororo 27 katika beti tatu za mishororo tisa tisa. Kumtungia kiroboto mashairi kulikuwa mtindo wa siku zile. Mwaka 1579 mjini Poitiers, Ufaransa, kiroboto alionekana kifuani mwa Catherine des Roches, na wasomi waliokuwapo wakashindana kumtungia beti hadi zikatosha kitabu. Wengi waliofuata mtindo huo walimwonea kiroboto wivu: laiti ningekuwa mimi, ningefika anapofika yeye. Donne akageuza. Kiroboto wake amemuuma mwanamume kwanza, kisha mwanamke, na sasa damu zao zimechanganyika tumboni mwake.

Hoja hii ilikuwa na nguvu zaidi kwa msomaji wa wakati ule kuliko kwetu. Matabibu walifundisha kwamba mbegu ya uzazi ni damu iliyosafishwa, hivyo kukutana kimwili kulikuwa kuchanganyika damu kwa maana halisi. Ndiyo maana ubeti wa kwanza unasema, kwa tafsiri yangu: mtazame kiroboto huyu, uone ni kidogo kiasi gani hicho unachoninyima. Damu zimeshachanganyika, wala hakuna aliyesema ni dhambi, ni aibu, au ni kupoteza ubikira.

Kisha kunatokea jambo ambalo halikuandikwa. Kati ya ubeti wa kwanza na wa pili mwanamke ameinua mkono amuue mdudu, na tunalijua hilo kwa sababu ubeti wa pili unaanza kwa kumzuia. Subiri! Ndani ya kiroboto mna roho tatu. Kiroboto ni mimi na wewe, ni kitanda chetu cha ndoa, ni hekalu letu. Ingawa wazazi wanasusa, na wewe pia, sisi tumekwisha kutana ndani ya kuta hizi hai nyeusi. Ukimuua utakuwa umeniua mimi, umejiua mwenyewe, na umenajisi hekalu. Dhambi tatu kwa pigo moja. Sitiari imepanda kutoka mdudu hadi kanisa ndani ya mishororo michache, na inachekesha kwa sababu imepanda haraka mno.

Kati ya ubeti wa pili na wa tatu, mwanamke anamponda. Ubeti wa mwisho unaanza na kucha yake ikiwa imeiva damu, naye anasema, kwa taarifa ya mwanamume mwenyewe, kwamba haoni kama yeyote kati yao amedhoofika. Kwa mshairi mwingine shairi lingekwisha hapo; sitiari imekufa na imepakwa kwenye kucha. Donne anasema: kweli kabisa. Basi jifunze jinsi hofu zilivyo za uongo. Heshima utakayopoteza ukinikubalia ni sawasawa na uhai uliopotea kwako kwa kifo cha kiroboto huyu.

Rudi sasa utazame tundu. Kama kifo cha mdudu si kitu, basi hakuwa hekalu, wala kitanda cha ndoa, wala roho tatu. Hoja ya ubeti wa tatu imeibomoa hoja ya ubeti wa pili. Mwanamume ameshinda kwa kukanusha alichoapia dakika moja iliyopita, akitumaini kwamba mwenzake hatakumbuka. Mimi naamini anakumbuka. Hatuambiwi alijibu nini, na ukimya huo ni sehemu ya mchezo.

Katika mashairi yote nitakayoyataja, hili peke yake lina mtu ndani yake anayeikosoa sitiari. Hatumsikii akisema moja kwa moja, lakini anainua mkono, anaponda, na anatoa hoja. Mshairi analazimika kuijenga upya sitiari yake mbele ya macho yetu. Mwalimu anayetaka wanafunzi waone jinsi sitiari ndefu inavyofanya kazi hatapata kielelezo bora: kitu ni kimoja tangu mshororo wa kwanza hadi wa mwisho, maneno mengi ni mepesi, na darasa litacheka kabla halijajua kwamba limeanza kuchambua.

Kuna pingamizi, nami silidharau. Huyu ni mwanamume anayemshinikiza aliyekwisha kataa, na ustadi wote wa shairi umewekwa kwenye kulizunguka neno hapana. Wako walimu wanaolikwepa kwa sababu hiyo. Mimi nadhani kulikwepa ni kupoteza nafasi, maana vijana wanazijua hoja za namna hii kutoka kwenye simu zao, na hapa wanaweza kuzifungua skrubu moja moja. Ila kama darasa ni la wadogo, au huna muda wa mjadala kamili, liache.

Kuaga

Kuaga lina mishororo 36, beti tisa za mishororo minne. Izaak Walton, aliyeandika wasifu wa Donne, alidai kwamba shairi hili liliandikwa mwaka 1611, Donne alipokuwa akiondoka kwenda Ufaransa na tajiri aliyemfadhili, Sir Robert Drury, akimwacha mkewe Anne akiwa mjamzito. Wako wasomi wanaoitilia shaka habari hiyo, na shairi lenyewe halitaji mke wala Ufaransa. Ila ni kweli kwamba safari hiyo ilifanyika, na ni kweli kwamba Anne alijifungua mtoto mfu mume akiwa mbali.

Jambo la kwanza la kumtahadharisha anayechagua: bikari haiingii hadi ubeti wa saba. Watu hulikumbuka shairi hili kana kwamba lote ni bikari, lakini theluthi mbili za mwanzo zimejaa vitu vingine. Linaanza kitandani mwa mtu mwema anayekata roho kwa utulivu kiasi kwamba marafiki waliomzunguka hawaafikiani: huyu anasema pumzi imekatika, yule anasema bado. Tuagane hivyo, anasema, bila mafuriko ya machozi wala tufani za kuguna. Halafu inakuja mitetemeko ya ardhi ikilinganishwa na mtikisiko wa matufe ya mbinguni, ambao ni mkubwa zaidi na haumdhuru mtu. Halafu wapenzi wa chini ya mwezi, yaani watu wa kawaida, ambao mapenzi yao ni ya macho na midomo na mikono, kwa hiyo hayavumilii kutengana. Mwanafunzi atahitaji kuelezwa kwamba katika falaki ya zamani kila kilicho chini ya mwezi hubadilika na kuoza, na kilicho juu yake hudumu. Bila hilo, beti tatu nzima zinampita.

Kisha dhahabu. Roho zetu mbili ni moja, anasema, kwa hiyo nikiondoka hazikatiki, zinatanuka tu, kama dhahabu inayofuliwa hadi wembamba wa hewa. Hii si chumvi ya mshairi. Gramu moja ya dhahabu inaweza kufuliwa hadi ikafunika takriban mita moja ya mraba. Lakini mtu yeyote aliyewahi kushika karatasi ya dhahabu ya namna hiyo anajua kwamba pumzi tu inaichana. Picha imegonga kizuizi: kadiri msafiri anavyokwenda mbali, ndivyo roho hiyo moja inavyozidi kuwa nyembamba, na shairi linalotaka kutuliza limeanza kutia wasiwasi.

Tazama anavyotoka. Hasemi kwamba amebadili mawazo. Anasema: na kama ni mbili, basi ni mbili kwa namna ya miguu ya bikari. Neno hilo dogo, kama, ndilo bawaba ya shairi zima. Dakika moja iliyopita aliapa kwamba roho ni moja. Sasa anakubali huenda ni mbili, na anatafuta kifaa ambamo vitu viwili vinaweza kuwa kimoja bila kunyumbuka hadi kukatika. Sitiari imeshindwa, mshairi ameiweka chini, akaokota nyingine. Mimi nalipenda shairi hili kwa kukubali huko zaidi ya bikari yenyewe.

Bikari sasa. Wewe ni mguu uliosimama katikati, hauonyeshi dalili ya kusogea, lakini unasogea mwenzako akisogea. Anapozurura mbali, unainama na kumtegea sikio, na anaporudi nyumbani unasimama wima. Chukua bikari mkononi ujaribu: ni kweli tupu. Ukipanua miguu yote miwili inainama, ukiifunga yote inasimama. Kisha ubeti wa mwisho: ndivyo utakavyokuwa kwangu mimi, ambaye lazima, kama ule mguu wa pili, nikimbie kwa mshazari, uthabiti wako unalikamilisha duara langu, na kunifanya niishie nilipoanzia.

Ukiwa bado umeishika bikari, utagundua kitu. Kuna miondoko miwili hapa, na haiwezi kutokea pamoja. Mguu unaorudi nyumbani unafunga bikari kuelekea katikati. Mguu unaochora duara haurudi katikati kamwe. Unazunguka kwa umbali uleule na kuishia pale pale ulipoanzia kwenye ukingo. Msafiri wa mwondoko wa kwanza anarudi kwa mkewe. Msafiri wa mwondoko wa pili anakamilisha safari yake vizuri sana bila kumkaribia hata inchi moja. Donne ameichanganya miondoko hiyo kwa ufundi kiasi kwamba wasomaji wengi hawaoni mshono, na sidhani kama alikuwa haujui.

Wazo la bikari halikuwa lake peke yake. Mwitalia Guarini alikuwa amekwisha kulitumia kwenye shairi fupi la mapenzi, na katika rubai zinazonasibishwa kwa Omar Khayyam imo moja inayomwambia mpenzi kwamba sisi ni bikari, vichwa viwili na mwili mmoja. Tofauti ni kwamba Donne anaikalia beti tatu na kuifanyisha kazi. Mhakiki Mwingereza Samuel Johnson, mwaka 1779, aliisoma akasema ni vigumu kuamua kama hapo kuna upuuzi zaidi au ustadi zaidi. Heshima ya Donne na washairi wa aina yake ilikaa chini kwa muda mrefu, hadi mshairi T. S. Eliot alipowatetea kwenye makala yake ya mwaka 1921, na leo bikari hiyohiyo ndiyo mfano wa kwanza vitabuni.

Lipo la kusemwa upande wa pili. Katika picha hii anayekwenda ni mwanamume, na anayesimama ni mwanamke, na kusimama kwake ndiko kunakosifiwa. Halii, hasogei, anategea sikio. Anne, ikiwa kweli ni yeye, alifariki mwaka 1617, siku tano baada ya kujifungua mtoto wa 12, naye mfu. Uthabiti ulikuwa na gharama ambayo bikari haiwezi kuionyesha.

Ukiyaweka bega kwa bega

Kiroboto kinachukua kitu duni na kudai makubwa. Raha iko kwenye pengo kati ya viwili hivyo, na msomaji anajua anachezewa. Kuaga kinachukua chombo cha kazi, safi na sahihi, na kudai jambo moja tu: nitarudi. Katika Kiroboto kitu kiko mbele ya macho yao chumbani, kinatembea na kufa. Katika Kuaga hakuna bikari yoyote chumbani. Imeitwa kutoka kichwani mwa mtu anayetafuta la kusema mlangoni. Kiroboto kina sitiari moja inayopinduliwa mara mbili. Kuaga kina msururu wa picha, na ile maarufu ndiyo iliyosalia baada ya nyingine kutotosha.

Kwa darasa, basi, Kiroboto. Kwa msomaji wa peke yake mwenye subira, Kuaga, na asome mara ya pili akiwa na bikari halisi mezani.

Kwa mtu ambaye mwenzake yuko Muscat au Doha kwa mkataba wa miaka miwili, jibu la haraka ni Kuaga, lakini ningemuuliza kwanza nani anamtumia nani. Likitumwa na aliyeondoka, linaweza kusikika kama amri: usilie, simama hapo. Likitumwa na aliyebaki, linageuka kuwa kitu kingine kabisa, la mtu anayesema mimi ndimi ninayelinyoosha duara lako. Na kama wote wawili wanataka kulia, Donne anayo A Valediction: of Weeping. Humo machozi ni sarafu zilizopigwa chapa ya uso wa mpenzi, kisha ni tufe tupu ambalo fundi analibandika Ulaya, Afrika na Asia hadi kilichokuwa si kitu kinakuwa dunia nzima. Ni gumu kuliko Kuaga, limebanana, na sitiari zinabadilika kabla hujazizoea. Lakini linaruhusu machozi, na kuna siku ambazo mtu hahitaji kuambiwa atulie.

Kwa aliyeombwa kusoma harusini

Hapa ushindani ni kati ya The Good-Morrow na The Sun Rising, na sitakaa sana.

Katika la pili, wapenzi wako kitandani na jua limepenya mapazia. Mwanamume analitukana jua kwa kuwasumbua, analituma likawagombeze watoto wa shule na likawaambie wawindaji wa mfalme kwamba mfalme atatoka. Sitiari inayokua humo ni kwamba kitanda hiki ndicho dunia yote, kwa hiyo jua likiwaangazia wao limemaliza kazi. Mshono wake ni mzuri sana: anajigamba kwamba anaweza kulipatwisha jua kwa kufumba macho tu, ila hafumbi, kwa sababu hataki kukosa kumwona mpenzi kwa muda wote huo. Majivuno yanakatishwa na mapenzi. Tatizo ni mshororo unaosema yeye ni nchi zote na mimi ni wafalme wote. Nani anamtawala nani? Ukilisoma ukumbini leo, bibi harusi huenda akakunja uso.

The Good-Morrow linagawa sawa. Wapenzi wameamka na kujiuliza walikuwa wakifanya nini kabla ya kupendana: au walikuwa wakikoroma kwenye pango la Walalaji Saba, wale vijana wa hadithi waliolala miaka mingi? Waislamu wanawajua hao kutoka Sura ya Al-Kahf, kwa hiyo katika ukumbi wa Mombasa au Zanzibar nusu ya wasikilizaji watatabasamu bila kuelezwa. Kisha anawaambia wavumbuzi wa baharini waende zao kwenye dunia zao mpya. (Karibu na miaka hiyohiyo, kuanzia 1593, Wareno walikuwa wakijenga Ngome ya Yesu. Wavumbuzi hao sisi tuliwapokea upande wa pili.) Mwishoni uso wa kila mmoja unaonekana kwenye jicho la mwenzake, na macho hayo ni nusu mbili za dunia zisizo na kaskazini kali wala magharibi kunakozama jua. Sitiari imebidi itupe nje nusu ya sifa za dunia ili ifanane na mapenzi, na sentensi ya mwisho inasimama juu ya sharti: ikiwa mapenzi yetu mawili ni mamoja, hakuna kitakachokufa. Hilo la sharti nalipenda kwa harusi, linafaa kuliko ahadi tupu. Ila ubeti wa kwanza unakiri kwamba msemaji aliwahi kutamani warembo wengine na kuwapata. Wakwe wakiwa kwenye viti vya mbele, anza na ubeti wa pili.

Kwa aliyemkosa ampendaye: mistari sambamba ya Marvell

Andrew Marvell alizaliwa mwaka 1621, akawa mbunge wa Hull, na mashairi yake mengi yalichapwa mwaka 1681, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Watu humjua kwa To His Coy Mistress, linalofanya kazi ileile ya Kiroboto kwa kutumia muda na kaburi. Ninalolipendekeza mimi ni The Definition of Love, mishororo 32 katika beti nane.

Hapo mapenzi ni mtoto aliyezaliwa na Kukata Tamaa na Kutowezekana. Majaliwa yanapigilia kabari za chuma kati ya wapendanao, yamewaweka kama ncha mbili za dunia: dunia nzima ya Mapenzi inazunguka juu yao, lakini wao hawatakumbatiana hadi mbingu ianguke na dunia ipondwe kuwa bapa kama ramani. Kisha ubeti wa saba: mapenzi ya mshazari, kama mistari ya mshazari, yanaweza kusalimiana kwenye kila pembe, yetu ni sambamba kwa ukamilifu, na hata yakienda bila kikomo hayatakutana.

Liweke karibu na Kuaga. Wote wawili wamekwenda kuazima jiometria. Bikari ya Donne inatumia jiometria kuahidi marejeo, na kama tulivyoona, inabidi aifiche mahali hesabu inapokataa. Marvell hafichi chochote kwa sababu hesabu yake haikatai. Mistari sambamba kweli haikutani, na sababu ya kutokutana ni kwamba inalingana mno. Nilisema kila sitiari ndefu ina kizuizi. Hii ndiyo inayonipa taabu, maana kizuizi chenyewe kimegeuzwa kuwa maana. Kwa upande mwingine ni shairi baridi. Hakuna mkono ulioinuliwa, hakuna kucha yenye damu, hakuna anayetegea sikio. Huyo anayependwa haelezwi hata chembe. Anayetaka kufarijiwa asilisome. Anayetaka tu kuona hali yake ikielezwa bila huruma na bila uongo, hili ndilo lake.

Na kwa mfasiri

Mishororo ya Kuaga na ya Definition of Love ina silabi nane nane, sawa na kipande kimoja cha tarbia yetu yenye mizani nane kwa nane, na beti zote ni za mishororo minne yenye vina vya kupishana. Inashawishi. Kiroboto kinapishanisha mishororo ya silabi nane na ya kumi, na kinamalizia kila ubeti kwa vina vitatu vya kufuatana, kwa hiyo mfasiri atalazimika kubuni bahari, yaani umbo la shairi, yake mwenyewe au kuandika huru.

Kati ya hayo mawili yanayoshawishi, wengi wangekimbilia Kuaga. Mimi ningewazuia. Ubeti wa tarbia unatakiwa ujitosheleze, nao Donne anaimwaga sentensi moja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa pili, kisha anaitandaza bikari kwenye beti tatu ambazo hakuna hata moja inayosimama bila jirani yake. Ukilazimisha kila ubeti ujifunge, unaikata sitiari vipande, na sitiari ndiyo shairi. Marvell anafunga mlango karibu kila ubeti. Unaomsaliti ni wa tano, ambao unamwagikia wa sita kwenye ile habari ya mbingu kuanguka, na hapo ningevunja kanuni bila kuomba radhi. Ningeanza kazi kwenye ubeti wa saba, ule wa mistari sambamba: ukikubali kukaa ndani ya mizani bila kupoteza hesabu yake, beti nyingine saba zinawezekana, na ukikataa, mfasiri atakuwa amepoteza jioni moja tu.